Asilimia 9.6 ya mwaka 1986 ilikwenda wapi? Kisomo kinavyopimwa, kinavyopatikana na kinavyopotea Tanzania

Mwaka 1986 Tanzania ilihesabu watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ikakuta wamebaki asilimia 9.6. Miaka 16 baadaye sensa ya 2002 ikatoa picha nyingine kabisa: miongoni mwa wenye miaka 15 na kuendelea, wanaojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 69, yaani karibu watatu katika kila kumi hawakujua. Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua ni asilimia 78.1, na ile ya 2022 asilimia 83. Nchi iliyokaribia kufuta ujinga iliwezaje, ndani ya kizazi kimoja, kurudi nyuma kiasi hicho, kisha ikaanza tena kupanda polepole?

Wapo wanaojibu upesi kwamba namba za zamani zilipikwa. Wapo wanaosema watu walisahau walichofundishwa. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanapotosha, kwa kuwa fundo hili limesukwa kwa nyuzi kadhaa. Ukivuta uzi usio wake utakosea na dawa. Tatizo la kupima halitibiwi kwa kufungua madarasa zaidi, na tatizo la watoto kukosa shule halitibiwi kwa kampeni ya watu wazima.

Namba za zamani zilivyopatikana

Sensa ya 1967 ilikuta nchi ina watu milioni 12.3, na kati ya watu wazima karibu theluthi mbili hawakujua kusoma. Mwaka huo huo lilitangazwa Azimio la Arusha, likafuatiwa na sera ya Elimu ya Kujitegemea. Katika hotuba yake ya kufunga mwaka, tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa rahisi: mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atachukua miaka mingi kabla ya kuinua uzalishaji, lakini mkulima mtu mzima yuko shambani sasa hivi. Ziliteuliwa wilaya sita za kuanzia, zikiwemo Mafia na Ukerewe. Mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati huo, ikaazimia kwamba ujinga ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975.

Wakati huo mikoa ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi (Kagera ya leo), ilikuwa na mradi wa majaribio ulioendeshwa pamoja na UNESCO kuanzia 1968. Hapo ndipo kilipozaliwa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa: mtu anajifunza kusoma kupitia kazi yake mwenyewe. Wa pamba alikuwa na kitabu chake, wa migomba chake, mvuvi chake, mfugaji chake. Mradi ulipofika 1972, vitabu hivyo na mbinu zake vilitandazwa nchi nzima, na kufikia 1975 waliojiandikisha walizidi milioni 5.

Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kitaifa. Wasiojua wakahesabiwa kuwa asilimia 39. Mitihani iliyofuata ilitoa 27 mwaka 1977, 21 mwaka 1981, 15 mwaka 1983, na 9.6 mwaka 1986. Huwezi kuita namba hizo uongo mtupu. Nyuma yake kuna mamilioni ya watu walioketi chini ya miembe na kwenye majengo ya shule wakashika penseli kwa mara ya kwanza, na nchi chache za Afrika zimewahi kufanya kazi ya ukubwa huo. Lakini ni lazima kuzisoma kwa masharti yaliyozizaa.

Matokeo yalipangwa katika madaraja manne. Daraja la I lilikuwa la aliyejiandikisha na kuhudhuria, bado hajaweza. La II ni anayetambua herufi na maneno mafupi na kuandika tarakimu. La III ndilo lililohesabiwa kuwa mtu amevuka: anasoma sentensi fupi, anaandika ujumbe mfupi, anafanya hesabu nyepesi. La IV ni anayetumia kisomo katika maisha: anasoma gazeti, anaandika barua, anaweka kumbukumbu za mapato na matumizi. Kwa hiyo neno "anajua" lilimjumuisha mtu wa daraja la III aliyepenya kwa shida sawasawa na yule wa daraja la IV anayesoma gazeti akiwa ameegemea kiti. Jambo la pili ni kwamba mtihani ulimkuta mwanakisomo akiwa bado darasani au ndiyo kwanza ametoka. Hakuna aliyemrudia miaka mitatu baadaye.

Sensa ni kipimo cha aina nyingine. Karani wa sensa hampi mtu karatasi asome. Humuuliza mkuu wa kaya kuhusu kila mtu aliyemo: anajua kusoma na kuandika, na kwa lugha ipi? Baba hujibu kwa niaba ya mkewe, mama kwa niaba ya kijana aliye kibaruani. Tafiti za kaya za afya ya uzazi zina njia ya tatu: mtu ambaye elimu yake haijafika kiwango fulani hupewa kadi yenye sentensi moja aisome, na mdadisi huandika kama ameisoma yote, sehemu tu, au ameshindwa. Pima watu wale wale kwa njia hizi tatu, upate namba tatu.

Kenya ilionyesha pengo hili waziwazi. Katika utafiti wake wa kitaifa wa 2006, ambao uliwapima watu wazima badala ya kuwauliza tu, asilimia 61.5 walifikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika, lakini waliofikia kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 29.6 tu. Ni utafiti mmoja, siku zile zile, watu wale wale. Mwandishi wa habari akichukua namba ya kwanza atasema wengi wanajua, na akichukua ya pili atasema wengi hawajui. Kwa hiyo kila unapokutana na asilimia ya kisomo, uliza kwanza: waliulizwa au walipimwa, na mstari wa kuvuka uliwekwa wapi?

Watoto wa jana

Hata hivyo tofauti ya vipimo haiwezi kubeba pengo lote kati ya 1986 na 2002. Uzi mzito kuliko yote uko katika shule za msingi.

Azimio la Musoma la 1974 lilisukuma elimu ya msingi kwa wote, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uwiano wa jumla wa uandikishaji, yaani walioandikishwa wa umri wowote wakilinganishwa na watoto wote wa umri wa shule, ulikaribia asilimia 98. Kisha uchumi ukavunjika. Vita vya Kagera vya 1978–79, bei ya mafuta, bei ya mazao kuanguka, na kuanzia 1986 masharti ya kurekebisha uchumi pamoja na uchangiaji wa gharama, vyote viliigusa shule. Wazazi walitakiwa kulipa ada na michango. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uwiano huo ulikuwa umeporomoka hadi takriban asilimia 77, na wengi walioandikishwa hawakumaliza.

Sasa fanya hesabu ya umri. Kijana asiyejua kusoma wa miaka 15 hadi 24 aliyehesabiwa mwaka 2002 alizaliwa kati ya 1978 na 1987, hivyo muda wake wa kuanza shule uliangukia katika miaka hiyo ya msukosuko. Hakuwa mwanakisomo aliyesahau. Mara nyingi alikuwa hakuwahi kuandikishwa shule, au aliiacha kabla ya kumaliza. Idadi ya watu nayo ilikuwa imepanda kutoka milioni 23.1 mwaka 1988 hadi milioni 34.4 mwaka 2002, na nchi yetu ni ya vijana, kwa hiyo kila kizazi kinachoingia utu uzima bila shule kinakuwa na uzito mkubwa katika wastani wa taifa. Ndoo ilijazwa kwa jitihada kubwa ilhali bomba la chini limeachwa wazi.

Kupanda kwa baada ya 2002 kuna maelezo yale yale, yakisomwa kinyume. Ada ya shule za msingi ilifutwa 2001, MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ikaanza 2002, na watoto walioingia shule wakati huo ndio vijana wa sensa ya 2012 na watu wazima wa sensa ya 2022. Sehemu kubwa ya mafanikio ya kisomo ya miaka 20 iliyopita imeletwa na shule ya msingi, wala si madarasa ya watu wazima. Wanaosimamia elimu ya watu wazima wanapaswa kulikubali hilo bila kinyongo, maana linawaonyesha mzigo uliobaki: mama wa miaka 45 ambaye shule haitamfikia kamwe, na kijana wa miaka 17 aliyepita shuleni bila kusoma kukamkaa.

Saa 216 zinavyogeuka 84

Hapa ndipo suala la kusahau linapoingia, na neno lenyewe linahitaji kusahihishwa. Mtu aliyefikia kusoma kwa wepesi hasahau kirahisi, kama asivyosahau kuendesha baiskeli. Anayepoteza ni yule ambaye hakuwahi kufika hapo. Alikuwa bado anahesabu herufi moja moja, mtihani ukamkuta, akavuka kwa alama chache, darasa likafungwa.

Chukua sentensi iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa: "Kunywa vidonge viwili kutwa mara tatu baada ya kula." Ni maneno tisa. Anayesoma maneno 15 kwa dakika atatumia sekunde 36 kuimaliza, na akifika "kula" ameshapoteza kama vidonge vilikuwa viwili au vitatu, kwa sababu akili haiwezi kushikilia vipande vingi kwa muda mrefu hivyo. Anayesoma maneno 45 kwa dakika atatumia sekunde 12 na maana itabaki imeshikana. Ndiyo maana kasi ina uzito. Ni mlango wa kuelewa, wala si mashindano. Kwa watoto, kigezo kilichowekwa Tanzania kwa mwisho wa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika, na hakuna sababu ya kumwekea mtu mzima kigezo kilicho mbali na hicho.

Je, darasa la kisomo linampa muda wa kufika huko? Ratiba ya kawaida ni siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku, jumla saa 6. Kwa wiki 36 zinakuwa saa 216. Ondoa wiki nane za palizi na mavuno, ambapo darasa halina mtu: zinabaki wiki 28, saa 168. Mwanakisomo wa kawaida ana msiba, ana mtoto mgonjwa, ana zamu ya maji, kwa hiyo anakuja mara mbili katika kila tatu: saa 112. Na kipindi cha saa kumi jioni huanza saa kumi na nusu, wenye mashamba ya mbali wakiwa ndio wanafika: robo nyingine imekwenda, zimebaki saa 84. Mtoto wa shule, kwa mwaka wenye siku 194 za masomo, hata tukimkadiria saa mbili tu kwa siku za kusoma na kuandika, hupata 388 kwa mwaka na 776 kwa darasa la kwanza na la pili. Mtu mzima ana msamiati mpana na ana sababu ya kujifunza, lakini macho na vidole vyake havina njia ya mkato.

Kwa hiyo mpango wa taifa unaotangaza "mwaka mmoja wa kisomo" bila kusema ni saa ngapi halisi za mtu kukaa na maandishi haujasema kitu. Daftari la mahudhurio ndilo chombo cha kwanza cha ukaguzi. Jumlisha saa za kila mwanakisomo mwenyewe, usijumlishe siku ambazo darasa lilikuwa wazi. Aliye chini ya saa 150 usimpeleke kwenye mtihani wa kuvuka. Mpeleke awamu nyingine.

Kipindi kimoja, karibu zaidi

Kiswahili kina neema kubwa kwa anayejifunza kusoma: kinaandikwa kinavyotamkwa, na silabi zake nyingi huishia na irabu. Mwezeshaji mzuri huitumia neema hiyo. Tuchukue neno la wakulima wa Shinyanga na Mwanza: pamba.

Dakika 15 za kwanza ni mazungumzo kuhusu pamba yenyewe: bei, mizani, wadudu. Kisha neno huandikwa ubaoni, likasomwa zima, halafu likakatwa: pa-mba. Kila kipande kinaita ndugu zake: pa, pe, pi, po, pu, mba, mbe, mbi, mbo, mbu. Hizo ni silabi kumi. Ziandike kwenye vipande vya maboksi, uwape wanakisomo wapange. Yatatokea pamba, pembe, pombe, pambo, pumba, pipa, pipi, papa, popo na mbu. Maneno kumi kutoka neno moja, na darasa huchangamka pombe inapojitokeza. Hiyo ni dakika 30 za silabi na 25 za kuunda maneno. Zifuatazo 25 ni za kuandika, na 25 za mwisho ni za hesabu. Paulo Freire alitumia njia ya aina hii Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1960: neno zito katika maisha ya watu, likavunjwa, likazaa mengine.

Lakini pamba lina mtego. Kwa anayeanza kabisa, "mba" ni konsonanti mbili zilizobanana, na akiisoma "ma-ba" ujue silabi nyepesi hazijakaa. Wawezeshaji wazoefu hutanguliza mama, maji, kuku, jembe likasubiri. Mitego mingine ya Kiswahili inajulikana: ng' na ng, ambapo ng'ombe na ngoma huandikwa karibu sawa na kutamkwa tofauti, dh, th na gh kwa wale ambao lugha zao za nyumbani hazina sauti hizo, na r na l, ambapo kalamu inageuka karamu. Usimkaripie anayesema kalamu akimaanisha karamu. Mwonyeshe yote mawili yakiwa yameandikwa, jicho litafundisha sikio. Mtego mkubwa zaidi huja baadaye, nao ni urefu. "Watakaokuletea" ni neno moja lenye silabi nane, wa-ta-ka-o-ku-le-te-a, na msomaji mchanga huishiwa pumzi katikati. Fundisha viambishi kama vipande vizima, "wa-taka-o", "ku-let-ea", vinavyotambuliwa kwa mkupuo mmoja.

Kosa linaloua madarasa mengi ni kukariri. Baada ya wiki sita darasa zima linaimba ukurasa wa 12 bila kukosea, mgeni akija anapigiwa makofi. Badilisha neno moja ubaoni, andika "Juma anauza pumba" badala ya "pamba", usikilize. Wakisoma "pamba" walikuwa wanaimba.

Na kuna jambo la macho. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, jicho la karibu huanza kuchoka. Mwanakisomo anayesogeza kitabu mbali mkono mzima, anayelalamika kichwa, anayeacha kuja bila kusema kwa nini, mara nyingi anahitaji miwani ya kusomea ya nguvu kati ya +1.00 na +3.00. Mpime kwa maandishi yaliyo sentimita 40 kutoka usoni. Wapo walioandikwa "mzito wa kuelewa" miaka yote ilhali walichokosa ni kuona herufi. Bajeti ya kisomo isiyo na fungu la miwani, taa na maandishi makubwa haijawafikiria wale inaodai kuwahudumia.

Baada ya cheti

Waliopanga kampeni ya miaka ya 1970 walijua hatari ya watu kubaki bila cha kusoma. Ndiyo maana kulikuwa na kisomo cha kujiendeleza, maktaba za vijijini, na gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, lililoanzia mikoa ya Ziwa. Kulikuwa na kampeni za redio, maarufu kuliko zote ikiwa Mtu ni Afya ya 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, redio katikati na kijitabu mkononi, wakasoma kuhusu malaria na kuhara, kisha wakachimba vyoo. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, na sheria ya mwaka huo ikaifanya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ijitegemee. Ulikuwa mfumo mzima, wenye ngazi moja juu ya nyingine.

Uchumi ulipoyumba, ngazi ya juu ndiyo ilitangulia kuanguka. Gazeti linahitaji karatasi, wino na gari, na vyote hivyo vilikuwa adimu. Vitabu vya maktaba za vijiji vilichakaa bila kubadilishwa. Posho ya wawezeshaji ilichelewa, kisha ikawa ya jina tu. Darasa la herufi liliweza kuendelea kwa chaki na moyo wa kujitolea. Kisomo cha kujiendeleza hakikuweza, kwa sababu chenyewe ni vitu vya kusoma.

Kuba hutajwa mara nyingi kama mfano. Mwaka 1961 vijana wapatao laki moja walipelekwa vijijini, na tarehe 22 Desemba nchi ikatangaza kwamba watu zaidi ya laki 7 wamejua kusoma na wasiojua wameshuka kutoka takriban asilimia 23 hadi 3.9. Wanaosimulia huishia hapo. Kilichofuata ndicho cha kuigwa: waliofuzu waliendelea na madarasa ya jioni, miaka ikapita, hadi lengo likawa kila mtu mzima afikie darasa la sita. Kampeni ilikuwa mlango tu.

Leo kitu cha kusoma kiko mfukoni. Ujumbe wa kupokea fedha kwa simu una kiasi, tarehe, jina na salio, na mwenye simu asiyeweza kuusoma hulazimika kumkabidhi mwingine simu pamoja na namba yake ya siri. Ni aibu na ni hatari. Mwezeshaji anaweza kujenga wiki nzima juu ya ujumbe huo: tafuta kiasi, tofautisha "umepokea" na "umetuma", toa makato, linganisha salio. Nchini Tanzania mtu mzima asiyejua kusoma huwa anajua pesa vizuri sana kichwani. Anachokosa ni namna zinavyoandikwa, hasa sifuri. 15,000 na 150,000 humchanganya kwenye karatasi tu, sokoni hazimchanganyi. Somo hili huvuta watu kuliko kilimo, na sababu yake inaeleweka. Kitabu cha zamani kilimfundisha mkulima wa migomba nafasi za kupanda ambazo alizijua kabla mwandishi hajazaliwa, au kikamhimiza atumie mbolea ambayo haikufika dukani. Manufaa lazima yawe kitu ambacho mwanakisomo mwenyewe bado hana.

Vijana ni suala jingine

Kumweka kijana wa miaka 15 benchi moja na bibi wa miaka 60 ni kuwapoteza wote wawili. Kwa watoto na vijana waliokosa shule kuna MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, uliojaribiwa kuanzia 1999 katika wilaya tano na kisha kupanuliwa. Una makundi rika mawili: la miaka 11 hadi 13, linaloandaliwa kwa mtihani wa darasa la nne ili lirudi kwenye mfumo wa kawaida, na la miaka 14 hadi 18, linaloelekea mtihani wa darasa la saba. Kwa vijana wa rika hilo la pili kuna pia IPOSA, mpango wa vijana walio nje ya shule, unaochanganya kusoma na kuhesabu na stadi za kazi kama ushonaji, umeme au mapishi. Mwenye kutaka sekondari hupitia vituo vya TEWW na Mtihani wa Maarifa, QT. Tangu Novemba 2021 wasichana walioacha shule kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida, wakitaka, au kusoma katika vituo hivyo.

Tatizo la njia hizi liko kwenye upimaji wa mwanzo. Kijana aliyeacha darasa la tano huandikwa kama aliyefika darasa la tano. Mpe aya ya darasa la pili aisome: wengine wataisoma kama maji, wengine watakwama mstari wa kwanza. Kumpeleka aliyekwama kwenye somo la kuchora vipimo vya sketi kabla hajajua kusoma futi kamba ni kumrudisha kwenye fedheha ile ile iliyomtoa shuleni. Anayeandikisha afanye jaribio la dakika tano kwa kila mmoja, faraghani, siku ya kwanza, na agawe makundi kwa kiwango, si kwa darasa aliloachia.

Kumpima mtu bila kumwaibisha

Mratibu elimu kata, au kikundi chochote chenye kituo, hakihitaji wataalamu kutoka mbali ili kujua kama kisomo kimekaa. Andaa kadi yenye habari fupi ya maneno 60 ambayo haimo kwenye kitabu cha darasa: tangazo la chanjo, barua ya mtoto aliye mbali, bei za mnadani. Andika kwa maandishi makubwa. Kaeni kando, watu wengine wasisikie. Mpe sekunde 60, hesabu maneno aliyosoma sawasawa, usimsahihishe katikati. Geuza kadi, uulize maswali matatu: moja ambalo jibu lake limeandikwa wazi, moja la kuunganisha sentensi mbili, moja la hesabu, kwa mfano jumla ya bei mbili. Mwisho aandike mstari mmoja wa kumjibu aliyeandika barua ile, kwa maneno yake mwenyewe. Kunakili hakuhesabiki.

Andika kasi na majibu kwenye daftari, pamoja na jumla ya saa alizohudhuria. Kisha, na hapa ndipo vituo vingi huishia njiani, mrudie mtu huyo huyo miezi sita baada ya darasa kufungwa, ukiwa na kadi mpya ya urefu ule ule. Aliyekuwa na maneno 45 na zaidi kwa kawaida utamkuta palepale au amepanda. Wa 20 au 25 wengi wao watakuwa wameteremka, na hao ndio orodha ya kwanza ya darasa linalofuata: wiki 12 za kusoma kwa sauti wawili wawili, saa tatu kwa wiki, gazeti la zamani, matangazo ya kijiji na jumbe za simu zao wenyewe.